Bastola nyepesi imenichubua mkono, na kila mtu anasema ndiyo inayonifaa

BARUA

Kaka Mshauri, habari za kazi.

Nina miaka 43, naishi Kirumba hapa Mwanza, na biashara yangu ni mabondo ya sangara, yaani vibofu vya hewa vya samaki huyo. Nanunua Ukara na visiwa vingine vya upande wa Ukerewe, mara mojamoja nafika mpaka Goziba, nakuja kukausha na kuwauzia wanaosafirisha nje. Unalijua bondo: mzigo unaingia kwenye mfuko mmoja wa rambo lakini thamani yake ni ya pikipiki. Kwenda nakwenda na fedha taslimu, milioni 8 mpaka 12, kurudi narudi na mzigo. Wavuvi wengi wanataka hela mkononi, ukiwaambia habari za simu wanamwita mnunuzi mwingine.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alivamiwa akitoka mwaloni, pale ufukweni wanaposhushia samaki, alfajiri, wakachukua kila kitu na kumvunja mkono. Tangu hapo sijalala vizuri kabla ya safari. Ndipo nikaanza maombi ya silaha. Nimepita serikali ya mtaa, kata, polisi wilaya, alama za vidole, mafunzo, yote. Sasa nimefika hatua ya kuchagua, na hapa ndipo nilipokwama.

Nataka rivolva ndogo, ile bastola yenye silinda inayozungusha risasi, kwa sababu nimeambiwa haina mambo mengi. Muuzaji ana tatu, zote za risasi 5 na mtutu mfupi. Ya kwanza ni mpya, fremu ya aluminiamu na skandiamu, silinda ya titaniamu, ina gramu 335, risasi zake ni .357 Magnum. Ya pili ni Smith & Wesson ya aluminiamu iliyokwisha tumika, gramu kama 425, inatumia .38 Special, na bei yake ni nafuu sana. Ya tatu ni ya chuma kitupu, gramu 640 hivi, nayo ni ya .357. Muuzaji anasema kwa mwanamke ile nyepesi ndiyo yenyewe, "hutaisikia kwenye mkoba". Mume wangu amekubaliana naye na yuko tayari kuilipia. Shemeji yangu, mwanajeshi mstaafu, anasema rivolva zimepitwa na wakati, ninunue otomatiki. Dada yangu anasema silaha inaita balaa, niachane nayo kabisa.

Jambo ambalo sijamwambia mtu ni hili. Renji, kwenye uwanja wa shabaha, walinipa hiyo nyepesi nijaribu. Nilipiga risasi mbili. Ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ikachubuka, kifundo cha mkono wa kulia (kina maumivu ya zamani ya kuparua samaki) kikawaka moto. Ya tatu sikuifyatua. Nikajifanya simu inaita. Mwalimu akaniambia nitazoea. Mume wangu nikimwambia ataona nimekuwa mwoga baada ya kumsumbua miezi yote hii.

Kingine, tunaishi na mjukuu wa miaka 5, na mkoba wangu ndiyo duka lake la pipi. Mimi navaa madera na vitenge, sina mkanda wa kuning'iniza kitu. Nisaidie, ipi nichukue? Au nimekosea tangu mwanzo?

Mama Mabondo, Kirumba

JIBU

Dada yangu, salama.

Umeuliza bastola ipi, lakini barua yako ina maswali matatu kwenye fundo moja: mkono wako unakubali kipi, utaibeba wapi, na je, utakachobeba kinailinda kweli ile safari ya fedha? Nitaanza na la mkono, maana hapo naona umeanza kujilaumu bila sababu.

Uliyoyapata renji si uoga. Risasi ile ile ikipigwa katika bastola yenye nusu ya uzito, teke lake, yaani nguvu inayorudi mkononi, linakaribia mara mbili. Hiyo ni hesabu ya uzito tu, haibagui mwanamke wala mwanaume. Halafu juu ya wepesi ukawekewa magnum. Katika bastola hiyo hiyo, .357 Magnum hupiga teke zaidi ya mara mbili ya .38 Special ya kawaida. Kwa hiyo ulipewa mchanganyiko mkali kuliko yote kwenye kabati la yule muuzaji, ukiwa na kifundo kibovu, siku ya kwanza. Hata wapigaji wazoefu wa hizo bastola za gramu 335 hawamalizi boksi zima la magnum kwa siku moja wakiwa wanacheka. Neno la "utazoea" lina ukweli nusu. Mikono inazoea teke la kiasi. Teke linalochubua ngozi linakufundisha kufumba macho na kusukuma mtutu chini sekunde ile unapofyatua, na tabia hiyo ikishaingia ni kazi kubwa kuitoa.

Jambo ambalo huenda hukuambiwa: bastola inayotumia .357 Magnum inakubali pia risasi za .38 Special. Kinyume chake hapana, bastola ya .38 haipokei magnum. Kwa hiyo hata ile nyepesi na ile ya chuma hulazimiki kuzilisha magnum. Na katika mtutu wa chini ya sentimita 5, sehemu ya baruti ya magnum inaungulia nje, unapata mwako na mlio wa kupasua masikio kuliko faida. Kwa mtutu huo, mimi .38 naiona inatosha.

Sasa triga. Rivolva ndogo ya aina hii, ukiifyatua bila kuvuta nyundo (kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi) kwanza, inahitaji nguvu ya kilo 5 hivi kwenye kidole. Linganisha na zile mbili nyepesi zenyewe, ambazo hazifiki nusu kilo. Kidole kinavuta kwa nguvu zaidi ya mara kumi ya uzito wa kitu unachokishika, na ndiyo maana mtutu unayumba kabla risasi haijatoka. Ile ya chuma inatulia zaidi kwa sababu hii, mbali na suala la teke. Kuna pia Ruger LCR ya .38, iliyoingia sokoni mwaka 2009, gramu 383, ambayo triga yake imepangwa isambaze uzito wake vizuri kidoleni. Kwa mkono wenye maumivu, ningependa uijaribu kama muuzaji anaweza kuipata. Lakini usiagize kitu ambacho hujakishika.

Kabla ya kuzungumza bei, fanya hivi dukani, bastola ikiwa tupu na umekagua matundu yote 5 mwenyewe. Ishike kama ya kupiga, elekeza mahali salama, uone kama ncha ya kidole cha shahada inafika katikati ya triga bila kulazimisha kiganja kizunguke. Hizi fremu ndogo huwa zinaufaa mkono mdogo, ila mpini unaweza kuharibu kila kitu. Mpini wa kukaa vidole viwili unajificha vizuri lakini teke lote linaishia pale pale ulipochubuka. Mpini wa mpira unaofunika chuma cha nyuma, na wenye nafasi ya kidole cha tatu, hupunguza maumivu sana kwa ongezeko la sentimita moja au mbili tu. Kubadilisha mpini ni skrubu moja. Naona ajabu watu wanabishana juu ya gramu wakati mpini haujaguswa.

Tukiwa bado kwenye ile nyepesi, ina tabia moja ambayo muuzaji hakukutajia. Bastola inaporuka nyuma, maganda yaliyobaki kwenye silinda yanavutwa nayo, lakini kichwa cha risasi kwa uzito wake kinataka kubaki pale pale. Kama mdomo wa ganda haukukibana sawasawa, kinachomoka kidogo kila unapopiga. Kikitokeza mbele ya silinda kinagonga fremu, silinda inagoma kuzunguka, na hilo si jambo la kurekebisha kwa kuvuta triga tena. Kadiri bastola ilivyo nyepesi na risasi ilivyo kali ndivyo tatizo linavyokaribia. Kipimo chake ni rahisi: weka risasi 5, ya tano ipime urefu kwa venia, kile kipimo cha mafundi, na uitie alama ya kalamu, piga nne, itoe ile ya tano uipime tena. Ikiwa imerefuka, risasi za aina hiyo hazifai kwenye bastola hiyo. Kwenye magnum za skandiamu za Smith & Wesson, kiwanda huandika onyo kwenye mtutu la kutotumia vichwa vyepesi kuliko greni 120 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi). Na silinda ya titaniamu haisuguliwi kwa brashi ya chuma wala msasa, una kitambaa na mafuta tu.

Ile ya pili, iliyotumika, inanivutia na inanitia wasiwasi. Uzito wake ni wa katikati, risasi yake ni ya kiasi, na familia hii ya bastola ndogo za risasi 5 ipo tangu 1950, kwa hiyo mafundi wanaijua. Wasiwasi wangu ni aluminiamu ya zamani. Fungua silinda, geuza bastola, tazama kwa tochi ile sehemu nyembamba ya fremu chini ya mahali mtutu unapoingia. Ufa mdogo kama unywele pale maana yake bastola imekwisha, hata kama imepakwa rangi mpya, na usikubali hadithi ya kuunganishwa. Kisha funga silinda na uitikise mbele na nyuma, isichezecheze. Pitisha filageji, ile ya mafundi magari, kati ya silinda na mtutu. Pengo la milimita 0.10 mpaka 0.25 ni la kawaida, likizidi sana inatema moto na chembe za risasi pembeni. Vuta triga polepole, tundu baada ya tundu, uhakikishe silinda imejifunga kabla nyundo haijaanguka. Uliza pia kama imeruhusiwa na kiwanda kutumia .38 zenye msukumo mkubwa, zile zinazoandikwa +P. Aluminiamu nyingi za zamani haziruhusiwi, na bei nafuu inaweza kuwa imetokana na mtu aliyepuuza hilo.

Umesema imekuwa ya mwingine. Hakikisha namba iliyogongwa kwenye fremu ndiyo iliyo kwenye karatasi za mwenye kuuza, tarakimu kwa tarakimu, na uhamisho upitie polisi. Namba iliyokwaruzwa ni sababu ya kutoka dukani.

Shemeji yako naye ana hoja. Otomatiki ndogo ni bapa, inabeba risasi zaidi, na teke lake mara nyingi ni laini kuliko la rivolva ya uzito huo huo. Lakini inataka kuvutwa sehemu ya juu kwa nguvu, na kifundo chako kikilegea inaweza kukwama. Rivolva ikigoma kuwaka, unavuta triga tena, tundu jingine linakuja. Si kweli hata hivyo kwamba rivolva haikwami. Punje ya mchanga wa mwalo au baruti isiyoungua ikikaa chini ya ile nyota ya kutolea maganda, silinda haifungi. Kijiti cha kusukumia maganda kikilegea skrubu yake, silinda haifunguki. Na kwa kuwa kijiti chenyewe ni kifupi kwenye bastola hizi, hakiyatoi maganda mpaka mwisho. Lazima mtutu uelekee juu na ukigonge kwa kiganja mara moja kwa nguvu, si kukisukuma taratibu, vinginevyo ganda moja linabaki limenasa chini ya nyota. Mwombe mwalimu akuoneshe hilo mpaka mkono ujue wenyewe.

Nyundo chagua iliyofichwa ndani ya fremu. Iliyotokeza inanasa kwenye dera, na inakaribisha mtu mwenye wasiwasi aivute nyuma, kisha abaki na triga nyepesi mno mikononi inayotetemeka.

Tuje kwenye kubeba. "Hutaisikia kwenye mkoba" ni sentensi ya kuuzia. Mkoba ndicho kitu cha kwanza kuporwa na vijana wa pikipiki, na ndicho unachokiweka chini kwenye mizani wakati unapima mabondo. Ukiporwa mkoba hapo umepoteza fedha na umempa jambazi silaha yenye jina lako, na utaanza siku yako kituo cha polisi ukieleza. Ukiamua mkoba licha ya hayo, uwe na chumba chake peke yake, zipu yake, bastola ndani ya ala ngumu inayofunika triga yote, na mkanda wa mkoba upite begani kuvuka kifua. Kalamu au funguo vikiingia kwenye ile pete ya triga, kalamu haijui kama ni wewe au si wewe. Pipi za mjukuu zihamie mahali pengine leo, kabla hata ya kununua chochote.

Njia ya pili ni mfuko wa nguo. Bastola ya gramu 425 yenye risasi zake inakaribia nusu kilo, na dera halibebi nusu kilo bila kuning'inia upande. Fundi cherehani anaweza kukushonea mfuko wa kitambaa cha jinsi kwenye kaptula ya ndani au gagulo lenye kiuno imara, na dera likapasuliwa pembeni mkono upite. Mfuko huo usiwe na kitu kingine, hata sarafu. Njia ya tatu ni mkanda mpana wa tumboni unaobana mwili. Huu unakaa vizuri nchi kavu, lakini kwenye mtumbwi umevaa jaketi okozi juu yake, na jaketi likifungwa sawasawa mkono haufiki kiunoni. Usije ukalegeza jaketi kwa ajili ya bastola. Ziwa limeua wengi kuliko majambazi.

Na hapo nakuomba ukae kidogo na swali ambalo hukuliuliza. Hebu ichore safari yako: Kirumba, kupanda meli kwenda Nansio, mtumbwi, mwalo, mizani, kurudi. Mwenzako alivamiwa wapi? Akitoka mwaloni, nchi kavu, gizani. Wanaovamia ziwani huja wengi kwa boti ya injini, wakiwa tayari wameshika silaha. Mtumbwi unayumba, watu kumi na tano wamekaa bega kwa bega, na bastola yenye mtutu wa sentimita 5 ni ya hatua tatu mpaka saba kwa mtu aliyesimama imara. Sioni mahali ambapo risasi 5 zinabadilisha hali hiyo kuwa nzuri, na naona sehemu nyingi ambapo zinaibadilisha kuwa mbaya. Kwenye njia ya miguu alfajiri hali ni nyingine, nako bado muda wa kuitoa ndio unaoamua. Mtu akishakushika kwa nyuma, kuitoa ni kumwonesha ilipo.

Kwa hiyo tazama fedha zenyewe. Je, nani anajua siku yako ya safari? Wauza mabondo wengi husema wenyewe, wakipanga bei kwa simu ndani ya daladala. Wavuvi hawataki simu, sawa, lakini wote? Wenye mitumbwi wakubwa wana namba za wakala, na hata theluthi ya malipo ikipita huko, kiasi unachobeba kinashuka. Uongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, unaweza kukubali malipo yafanyike mbele yao mchana badala ya alfajiri. Kuna wanaosafiri wawili wawili na kugawana mzigo. Mambo haya yana gharama: mnunuzi mwingine anaweza kukuwahi, ada za wakala zinakula faida, na mwenza wa safari anajua siri zako. Usiyaone kama ushauri wa kukukatisha tamaa. Hata ukiwa na silaha utayahitaji.

Upande wa sheria, mafunzo yako yamekwisha kukueleza mengi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakupa leseni yako wewe, si ya familia. Mume wako hawezi kuibeba kwa niaba yako. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata, inaruhusu kujilinda kwa nguvu inayostahili na ya lazima. Kijana aliyekwisha kimbia na mkoba wako amekupa mgongo, na risasi ya mgongoni ni kesi ngumu sana kuieleza. Ukifika Goziba uko bado Tanzania, ila mtumbwi ukipotea upande wa maji ya Uganda au Kenya, leseni yako haivuki mpaka.

Nyumbani, usitegemee ugumu wa triga kumzuia mtoto wa miaka 5. Mtoto hutumia vidole gumba viwili. Sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, namba ya siri isiyo mwaka wa kuzaliwa wa mtu, na bastola inaingia humo kabla hujavua viatu. Ile kufuli ndogo ya funguo iliyo kwenye fremu ya baadhi ya Smith & Wesson ni nyongeza, haichukui nafasi ya sanduku. Unyevu wa ziwa na jasho la tumboni vinakula chuma hata kama fremu ni ya aluminiamu, kwa sababu silinda na mtutu wa ile ya pili ni vya chuma. Kila urudipo safari ifute, angalia vumbi la nguo kwenye nyundo na chini ya nyota, paka mafuta kidogo sana. Mafuta yakiingia kwenye fataki ya risasi, risasi hiyo inaweza kufa kimya bila kukuambia.

Kuhusu kuamua, sitakuchagulia, maana mkono ni wako. Omba siku nyingine ya renji kabla ya kulipa chochote. Anza na ile ya chuma na .38 Special nyepesi, risasi 10 tu, kisha ile ya aluminiamu ikiwa imepita ukaguzi, mwisho ile ya gramu 335 lakini kwa .38. Sahani ya kulia chakula ibandikwe hatua tano mbele. Utakayoweka nayo risasi 5 kwenye sahani bila kuogopa ya sita, hiyo inakuambia kitu. Ikiwa ni ya chuma, ujue utabeba robo kilo zaidi, na huenda siku za joto utashawishika kuiacha nyumbani. Ikiwa ni nyepesi, ujue utafanya mazoezi machache. Ikiwa hakuna hata moja ambayo kifundo chako kinaivumilia, hilo nalo ni jibu, na daktari wa mifupa aje kabla ya muuzaji. Muulize muuzaji pia risasi za .38 anazo nyingi kiasi gani na kwa bei gani, kwa sababu bastola ya risasi adimu hufanyiwa mazoezi mara moja.

Nyumbani unaweza kuzoeza kidole bila risasi: silaha tupu, umekagua mara mbili, risasi zimefungiwa chumba kingine, mjukuu hayupo, umeelekeza ukuta wa tofali. Weka sarafu ya shilingi 200 juu ya fremu na uvute triga mpaka nyundo ianguke, sarafu ibaki palepale. Kama kifundo kinauma kwa hilo tu, usingoje renji ikuambie.

Mume wako nadhani unamhukumu mapema. Amesikia upande wa muuzaji peke yake, na hajaona ule mchubuko. Mwombe aje renji siku hiyo hiyo, mwalimu amsimamie apige zile risasi 5 za magnum kwa ile nyepesi, kisha wewe upige zako, na mzungumze mkiwa njiani kurudi Kirumba.

Mshauri